Kabla ya kulaumu umeme, fungueni kabati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Msomaji mmoja wa Nyegezi aliandika hapa kwamba umeme umemuunguzia amplifaya mbili mfululizo, akawashauri wasomaji wenzake wote wanunue stabilaiza. Stabilaiza sizipingi. Umeme wa kupanda na kushuka tunaujua, na hapa karakanani kwangu Kirumba ninayo moja. Ila mimi ndiye ninayezifungua redio hizo zikishakufa, na ninachokikuta ndani, mara nyingi kuliko wateja wanavyopenda kusikia, si kazi ya umeme. Ni joto, na joto hilo limefugwa na kabati la TV.

Redio iliyouawa na umeme ina alama zake. Umeme ukija mwingi ghafla, unakuta fyuzi imelipuka na kioo chake kimekuwa cheusi, kile kidonge cha kinga kilicho karibu na waya wa kuingizia umeme kimepasuka, pengine na transfoma imekatika. Bodi iliyobaki ni safi, kama ilivyotoka kiwandani. Ukifungua iliyouawa na joto unakuta habari nyingine kabisa. Bodi imegeuka kahawia chini ya rezista kubwa. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa. Risasi ya kulehemu iliyoshika miguu ya transista imepasuka kwa duara jembamba ambalo bila kioo cha kukuzia huwezi kuliona. Na ule uji mweupe unaopakwa kati ya transista na hitisinki, yaani lile pande la alumini lenye mapezi, umekauka ukawa unga. Hakuna umeme wa dakika moja unaoweza kukausha uji ule. Hiyo ni kazi ya miezi na miaka. Siku umeme unapocheza kidogo, unamalizia tu kilichokwisha kuchoka, na lawama zote zinaenda kwenye nguzo.

Nikimwambia mteja hivyo, jibu ni lilelile: "Fundi, mbona naisikiliza kwa sauti ndogo tu?" Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Amplifaya za kawaida, zile nzito zenye transfoma ndani, hazianzi kupata joto pale unapofungulia sauti. Zinakula umeme hata zikiwa kimya. Unapopiga muziki wa kuongelea na mgeni sebuleni, spika zinapokea wati moja au mbili, basi. Wakati huohuo mashine yenyewe inaweza kuwa inavuta wati 50 au zaidi kutoka ukutani, na tofauti yote hiyo inageuka joto. Chukua taa ya zamani ya wati 60, ile ya waya mwekundu, iwashe ndani ya kabati, funga mlango wa kioo, kisha rudi baada ya taarifa ya habari uguse mbao. Hivyo ndivyo tunavyoziweka redio zetu.

Na wala msihesabu yale maandishi makubwa ya PMPO yaliyobandikwa mbele ya redio na sabufa, wati elfu ngapi sijui. Hayo ni ya kuuzia. Geuza mashine, soma kibandiko kidogo cha nyuma, palipoandikwa inavuta wati ngapi kutoka ukutani. Namba hiyo ndiyo yenye adabu.

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe. Sebule nyingi ninazoitwa kufunga spika, kuanzia Kitangiri mpaka Buhongwa, zina mnara uleule: amplifaya chini kwa sababu ndiyo nzito, juu yake deki, juu ya deki king'amuzi, juu ya king'amuzi kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia mpaka mbele, na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Akina mama wasinielewe vibaya, kitambaa kinapendeza. Lakini yale matundu ya juu ya amplifaya hayakutobolewa kwa urembo. Hewa ya moto inapanda. Ikikuta tumbo la deki, inakaa hapohapo, na deki inapikwa kutoka chini huku nayo ina joto lake. King'amuzi ndicho kinachoteseka zaidi, maana kinalaliwa na kitambaa juu na kinachemshwa kutoka chini, na ukikizima kwa rimoti hakizimiki sawasawa. Kiguse usiku wakati nyumba nzima imelala, utakikuta na uvuguvugu.

Watu hunijibu kwamba redio za vipande za zamani zilikuja zimepangwa hivyohivyo kutoka dukani. Ni kweli, na nadhani tabia hii tumeitoa huko. Lakini redio zile ziliundwa zipangwe. Mtengenezaji alijua kipande gani kinakaa wapi, matundu akayaweka ubavuni na nyuma, na nyingi zina feni mgongoni. Ukichukua amplifaya ya kampuni moja, deki ya kampuni nyingine na king'amuzi cha tatu, ukavibebesha, hakuna aliyekaa akapanga hewa ipite wapi. Ni juu yako.

Mpangilio wangu mimi ni rahisi. Chenye moto mwingi kinakaa juu kabisa na hakibebeshwi kitu. Vya baridi vinakaa chini. Kama rafu haiwezi kubeba amplifaya juu, basi ikae chini peke yake, na hivyo vingine vihame, hata kama ni kwenye kiti. Kama hakuna namna na lazima vibebane, usitegemee zile raba fupi za miguuni, maana nyingi hazifiki hata sentimita 2. Weka vipande vinne vya mbao kwenye pembe ili pawe na uwazi unaoeleweka. Vitabu vya maelekezo vingi hutaja sentimita 10 juu na pembeni, vingine hutaja zaidi. Kitabu kimepotea? Chukua hiyo 10 kama kiwango cha chini.

Na sisi wa huku tunapaswa kuongeza, si kupunguza. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu za juu ya miamba ziko juu zaidi ya hapo. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Mtu hatalihisi hilo akiwa amekaa kwenye kochi akipigwa na upepo wa ziwa, lakini hitisinki inalihisi. Halafu kuna vyumba vyetu vyenyewe. Aliyejenga Mabatini, Igogo au Isamilo anajua, ukuta wa nyuma wa sebule unaweza kuwa umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba. Jiwe hilo linakunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, saa zile ambazo watu ndiyo wamewasha redio. Kabati likisukumwa mpaka likagusa ukuta huo, feni ya kabati haina msaada mkubwa. Vuta kabati mbele kwanza, upana wa kiganja kilichonyooshwa.

Nimetaja feni kwa sababu ndiyo swali ninaloulizwa zaidi. Feni ya darini haifiki ndani ya kabati. Inapoza watu, basi. Feni ndogo ya kompyuta, ile ya sentimita 12 ya volti 12, inatosha kabisa kwa kabati la nyumbani, na kwa mafundi wa kompyuta pale mjini zinapatikana za kutoka kwenye mashine zilizokufa. Isiendeshe kwa volti 12 kamili kama hupendi mlio. Adapta ya volti 9 inaizungusha taratibu na hutaisikia. Lakini mahali pa kuifunga ndipo pana siri. Watu wanaifunga mbele ya amplifaya, ndani ya kabati lililofungwa, ikazungusha hewa ileile ya moto kutoka kona moja hadi nyingine. Hiyo ni kazi bure. Ifunge juu, upande wa nyuma, ikivuta hewa kutoka ndani kuitupa nje, na chini uache tundu ambalo hewa mpya itaingilia, lisiwe dogo kuliko feni yenyewe. Hewa ya moto inataka kwenda juu hata bila msaada, kwa hiyo mpe feni kazi ya kuisukuma kule inakoelekea. Na iwe na waya wa kinga. Watoto wana vidole.

Kuna jambo la wadudu, na hapa nawaelewa wateja. Wengi wanaziba matundu makusudi. Mende wanapenda joto na giza, na redio ina vyote viwili. Nimewahi kufungua sabufa iliyokuwa na ukoo mzima. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama wingu juu ya maji. Upepo ukiwaleta upande wetu wanafuata kila penye mwanga, na asubuhi unawafagia barazani kwa ndoo. Wanaoingia ndani ya redio wanafia kwenye mapezi, wanachanganyika na vumbi la kiangazi, na vinakuwa godoro. Redio za wenzetu wa Mwaloni, kwenye soko la samaki, nazijua bila kusoma jina la mwenyewe kwenye karatasi, maana zinakuja na unga wa dagaa na harufu yake. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtu anabandika karatasi ya gundi juu ya matundu. Lakini afadhali mende watatu kuliko kuziba. Ukitaka kuwazuia, chukua wavu wa dirishani, uufunge kwenye matundu ya kabati, si kwenye matundu ya redio, na uusafishe mara kwa mara, maana wavu ukijaa vumbi ni sawa na ukuta.

Vumbi la ndani ya mashine linaondolewa kwa brashi laini ya rangi, plagi ikiwa imechomolewa. Kuchomoa tu hakutoshi kwa anayetaka kufungua kifuniko. Kapasita kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na zinapiga. Usafi wa nje ni wa mwenye nyumba, wa ndani mwachie fundi. Sisemi hivyo kwa sababu ya kutafuta kazi, kazi ninayo.

Nilisema kapasita, na nataka nikae hapo kidogo kwa sababu ndipo pesa ya mtu inapopotelea. Zile za mviringo zenye koti la plastiki zimeandikwa ubavuni nyuzi 85 au nyuzi 105. Watu wanadhani maana yake ni kwamba chini ya hapo hakuna shida. Sivyo. Hicho ni kiwango cha joto ambacho mtengenezaji anaahidi kapasita itafanya kazi kwa saa fulani, na kwa nyingi za kawaida ni saa 1,000 au 2,000 tu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likishuka kwa nyuzi 10, umri unazidi mara mbili. Haya, piga hesabu. Kapasita ya nyuzi 85 na saa 2,000, ikiishi kwenye nyuzi 65, itafika kama saa 8,000. Ikiishi kwenye nyuzi 45, itafika saa 32,000. Nyumba inayowasha redio saa nane kwa siku itamaliza ile ya kwanza kabla ya miaka 3. Ya pili itavuka miaka 10. Redio ni ileile, umeme ni uleule, tofauti ni mlango wa kabati. Kanuni hii haina usahihi wa mizani ya duka la dhahabu, lakini kila ninapofungua mashine inanithibitishia.

Kupima si kazi ngumu. Acha mashine ipige saa moja, kisha weka kiganja juu ya kifuniko chake. Kama unaweza kukiacha hapo ukiwa unaongea, hakuna tatizo. Kama unakitoa mwenyewe bila kuambiwa, chuma kile kimekaribia nyuzi 60, na ndani ni zaidi. Mwenye kipimajoto cha chumba akiweke ndani ya kabati, akilinganishe na cha sebuleni. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 10, mimi ningelitoboa kabati siku hiyohiyo. Na amplifaya inayojizima katikati ya wimbo, ikakaa, ikawaka tena yenyewe, haina mapepo. Nyingi zina kinga ya joto inayofanya hivyo. Inakwambia jambo. Msiipige kofi.

Kwenye sherehe ni habari nyingine, nitaipitia haraka. Vijana wanaongeza spika mbili kwenye waya uleule wa spika zilizopo. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, mkondo unazidi mara mbili, na joto halisubiri. Soma nyuma ya mashine kiwango cha chini ni omu ngapi. Kama imeandikwa 8, usifanye hivyo hata kama bibi harusi ni dada yako.

Sabufa nazo zina amplifaya ndani ya boksi, na lile bati la nyuma ndilo hitisinki yake. Zisukumwe mbali na ukuta, na zisifunikwe na pazia.

Sasa naomba kusema na maseremala, na kwa kweli hawa ndio sababu ya barua hii kuwa ndefu. Mhariri, ukitaka kuikata, kata salamu, vipimo uviache. Makabati ya TV yanayotengenezwa mjini hapa ni mazuri, mbao nzuri, vanishi nzuri, lakini yanafungwa nyuma kwa plaiwudi kutoka chini mpaka juu, na tundu moja la kupitishia waya lenye ukubwa wa kikombe. Nimelizungumza na jirani yangu seremala. Akaniambia, "Fundi, mteja anataka kabati. Nikimwachia wazi nyuma atasema nimepunja mbao." Nikamwambia amwoneshe mteja bei ya transista zinazoungua kwa joto. Akacheka, lakini la pili akalitengeneza tofauti, na bei ilibaki ileile kwa sababu mbao zilipungua.

Alivyofanya ni hivi. Plaiwudi ya nyuma haikufika chini wala juu: aliacha uwazi wa sentimita 8 kila upande, kwa upana wote wa kabati. Rafu za ndani hazikugusa mgongo, ziliishia sentimita 5 kabla yake ili hewa ipande moja kwa moja. Miguu ya kabati aliipandisha ili hewa ipite chini yake. Mlango wa kioo ulibaki upande wa vyombo, na upande wa redio akaweka mlango wa fito wenye nafasi kati ya fito na fito. Waya hazionekani, mende hawakuongezeka, na mwenye kabati bado anaweka kitambaa chake, juu ya kabati, si juu ya redio. Anayetaka maua pia aweke huko, ila ya plastiki. Chombo chenye maji juu ya redio ni jambo ambalo sitaki hata kulieleza.

Kabati lililokwisha kununuliwa halihitaji kutupwa. Chukua msumeno mdogo, toboa nyuma, chini na juu, au ondoa plaiwudi yote kama kabati linakaa imara bila hiyo. Hakikisha tu kwanza, maana kwenye makabati ya mbao za kubandika plaiwudi hiyo ndiyo inayozuia lisiyumbe. Kama huwezi kutoboa, fungua milango kila unapowasha redio. Haina gharama.

La mwisho ni kwa wanaonunua amplifaya za mtumba, maana zinauzika sana na nyingine zinatoka kwenye makabati hayohayo. Kabla ya kuuliza bei, inusie matundu ya juu. Harufu ya bodi iliyoungua haiondoki kwa kufutwa na kitambaa chenye mafuta. Tazama kwa tochi kupitia matundu kama kapasita kubwa zina vichwa bapa au vimevimba. Kisha mwambie muuzaji aipige nusu saa, si wimbo mmoja, huku ukisikiliza kama upande mmoja unakatika au unakwaruza inapopata moto. Risasi iliyopasuka huwa inashika vizuri mashine ikiwa baridi na kuachia ikipata joto, ndiyo maana wauzaji wengine hupenda kukupigia wimbo mmoja tu na kuzima. Akikataa nusu saa, mshukuru, nenda meza inayofuata.

Wako,
Fundi redio,
Kirumba, Mwanza